Kikombe cha Choya na Kikombe Kitupu

Liko swali moja ambalo watu wazima huliogopa kidogo kwa sababu linafanana na utovu wa adabu. Kitu tulichoachiwa na wazee wetu kwa nia njema, ambacho wao wenyewe walikitumia na wakaishi, je, tunayo haki ya kukipima? Anayepima hudhaniwa kwamba hajaamini, na asiyeamini neno la mzazi wake, kwetu sisi, ni mtu wa kutiliwa shaka. Swali hili sikulipata vitabuni. Nimelipata hapa hapa Manyoni, na aliyeniletea ni mmea mmoja tu uitwao choya.

Wasomaji wa mahali pengine huenda wakaujua mmea huu kwa jina la rozela. Nao ni mvumilivu wa ukame, ndiyo maana umeipenda nchi yetu hii ya kati, Dodoma na Singida, ambako mvua ni ya msimu mmoja na hata huo mmoja haupaswi kuaminiwa sana. Maua yake mekundu huvunwa, yakaanikwa juani, kisha yakachemshwa na kutoa maji mekundu mithili ya damu, yenye ukali wa kupendeza. Wengi huyanywa kwa ladha tu. Wako wanaoyanywa kwa kuamini kwamba yanaongeza damu, na nionavyo mimi imani hiyo imezaliwa na rangi: chekundu kikiingia, chekundu kitaongezeka. Lakini wekundu wa choya si wa chuma kama ule wa damu. Unatokana na rangi za mimea ziitwazo anthosianini, za jamaa moja na zile zinazoipaka zabibu nyekundu ya Dodoma.

Siku hizi imeongezeka sababu ya tatu, nayo ni presha. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2012 ulionyesha kwamba, kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo kubwa la damu. Kwa hiyo msomaji, hata kama wewe mwenyewe hunalo, jirani yako wa kulia au wa kushoto analo, na yamkini hajui.

Basi jirani yangu mmoja, mtu mwaminifu ninayemheshimu, husaga choya kavu, akaifungasha kwenye mifuko midogo na kuiuza kwa abiria wa mabasi. Siku moja alinijia na karatasi. Kwa kuwa nilifundisha baiolojia miaka mingi, na kwa kuwa hapa mjini mtu akishaitwa Mwalimu huitwa hivyo mpaka kaburini, aliniomba nimsahihishie Kiswahili cha lebo yake mpya. Ilisomeka: “Husafisha mishipa ya damu. Huondoa sumu za oksijeni mwilini.” Kiswahili chake hakikuwa na dosari hata moja. Nikamwuliza maneno hayo ameyatoa wapi.

“Mwalimu, sikutunga mimi,” akaniambia. “Yamejaa kwenye simu. Nimenakili tu.”

Nilikaa na karatasi ile siku kadhaa. Neno lililonisumbua zaidi ni hilo la kusafisha. Linampa mnunuzi picha ya mshipa kama bomba la maji lililojaa tope, na choya kama sabuni ipitayo ndani yake. Mshipa si bomba. Mshipa ni kitu hai, tena chenye akili ya aina yake. Hubana na kulegea kila dakika kwa kadiri mwili unavyohitaji damu. Na kinachouamuru ulegee ni utando mwembamba mno uliotandazwa upande wake wa ndani, unene wa seli moja tu, ambao kwa miaka mingi wataalamu waliudhania kuwa kama karatasi ya kupambia ukuta.

Kisa cha utando huo hunifurahisha kila ninapokisimulia. Huko New York mtaalamu Robert Furchgott alikuwa akichunguza vipande vya mshipa mkubwa wa sungura. Alijua, kama walivyojua wenzake, kwamba dawa fulani iitwayo asetilikolini huvibana vipande hivyo. Kumbe ilikuwa hivyo kwa sababu katika kuvikata na kuvitayarisha, mikono ya wapimaji ilikuwa ikiusugua ule utando wa ndani mpaka ukabanduka! Vipande vilipotayarishwa kwa uangalifu, bila kusuguliwa, dawa ile ile haikubana tena, ililegeza. Furchgott na mwenzake John Zawadzki walilitangaza jambo hilo mwaka 1980. Baadaye ikagunduliwa kwamba utando huo hutoa gesi, oksidi ya nitriki, na gesi hiyo ndiyo inayouambia mshipa ulegee. Mwaka 1998 Furchgott alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad. (Na ajabu ni kwamba Alfred Nobel mwenyewe, aliyetajirika kwa baruti ya nitrogliserini, alipokuwa mzee daktari alimwandikia nitrogliserini hiyo hiyo kwa ajili ya moyo wake, wala hakuna aliyejua wakati huo kwamba inafanya kazi kwa njia ya gesi ile.)

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, kinatufundisha kwamba hata mpimaji anaweza kukifuta kwa vidole vyake kile anachokipima, kisha akatangaza kwamba hakipo. Hilo nitalirudia, maana wanaolalamika kwamba wataalamu huzidharau dawa zetu wana hoja. Pili, kinatusaidia kuelewa hizo “sumu za oksijeni” za jirani yangu.

Oksijeni tunayoivuta hutupa uhai, lakini katika kutumika huacha vipande vikorofi, visivyotulia, vinavyokamata chochote kilicho karibu. Ukikata bilinganya ukaliacha mezani, baada ya muda mfupi nyama yake hugeuka kahawia. Ni kazi ya oksijeni hiyo. Ndani ya mshipa, kipande kimoja kikorofi hukutana na ile gesi njema ya nitriki na kuila kabla haijafikisha ujumbe wake. Mshipa ukikosa ujumbe hubaki umebana. Moshi wa sigara, kisukari na presha yenyewe huvizidisha vikorofi hivyo. Haya ni kweli, na jirani yangu hakudanganywa katika hili.

Ni kweli pia kwamba choya hupambana na vikorofi hivyo ukiipimia ndani ya chupa. Lakini tusisahau kwamba chupa si mshipa. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ndefu ya vyakula vilivyopangwa kwa nguvu zao za kuzima vikorofi katika chupa; wafanyabiashara wakaichukua wakaibandika kwenye kila kopo. Mwaka 2012 Wizara iliiondoa orodha hiyo, ikieleza kwamba namba zile hazionyeshi kinachotokea mwilini, na kwamba zilikuwa zikitumiwa vibaya. Sehemu ndogo sana ya zile rangi nyekundu za choya huvuka utumbo na kuingia damuni. Zaidi ya hayo, vile vikorofi vyenyewe si adui mtupu: chembe nyeupe za damu huvitumia kuua vijidudu. Mtu anayetaka kuviondoa vyote ni sawa na mwenye nyumba anayefukuza mbwa wote kijijini kwa kuwa mmoja aliwahi kumbwekea usiku.

Kwa hiyo imetupasa kuuliza katika mshipa wenyewe, wa mtu aliye hai. Jambo hili linawezekana, tena kwa kipimo rahisi kukieleza. Mkono hufungwa kwa mpira ule ule wa kupimia presha kwa muda wa dakika 5, damu ikazuiliwa. Kisha mpira huachiwa, damu ikarudi kwa kasi. Mshipa wenye utando mzima hutanuka kuipokea. Wenye utando mgonjwa hutanuka kidogo tu au hautanuki. Mashine ya mawimbi ya sauti, ndugu ya ile inayotazama mtoto tumboni, hupima kutanuka huko.

Choya imepimwa hivyo. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walichapisha habari za wanaume 25 waliokunywa kikombe cha choya pamoja na mlo wenye mafuta mengi, na siku nyingine wakanywa maji badala yake. Mishipa yao ilitanuka vizuri zaidi siku ya choya. Lakini presha yao, siku hiyo hiyo, haikushuka kwa kiasi cha kutegemewa. Kabla ya hapo, mwaka 2010, huko Boston, Marekani, watu 65 wenye presha iliyopanda kidogo, ambao hawakuwa wakitumia dawa yoyote ya kuishusha, walikunywa vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6. Nusu yao walipewa choya. Nusu nyingine walipewa maji yaliyotiwa rangi na ladha ya choya bila choya ndani yake. Kwa waliokunywa choya, ile namba ya juu ilishuka kwa wastani wa 7 hivi. Kwa wenzao ilishuka kwa 1 na kitu.

Nilipomweleza jirani yangu habari hii alifurahi sana. “Si unaona, Mwalimu!” Naam, naona. Naona kwamba choya ni kinywaji cha kuheshimiwa. Lakini pia naona kwamba hata wale waliokunywa kikombe kitupu walishuka kidogo. Laiti wangekuwa peke yao, wangesimama stendi na kutoa ushuhuda kwamba maji ya rangi yamewatibu, na wasingekuwa waongo. Na naona kwamba waliopimwa walikuwa wenye presha ndogo. Mtu wa 180 kwa 110 hakuwamo.

Hapo ndipo mzigo wa swali langu ulipo. Watu hunijibu hivi: “Babu yangu alikunywa hiyo miaka yote, akafika miaka 90.” Simkatalii, babu yake nilimfahamu. Ila nauliza, yuko wapi yule mwenzake babu, aliyekunywa hiyo hiyo na akaanguka shambani akiwa na miaka 52? Huyo haji kwenye kijiwe cha kahawa kusimulia. Ushuhuda wa dawa hutolewa na waliobaki, waliokwenda hawaitwi. Mahakama inayosikiliza upande mmoja tu hatuiiti mahakama, lakini katika mambo ya dawa tumeikubali kila siku.

Mfano mzito kuliko yote ninaoujua hautoki Afrika. Katika miaka ya 1980 ilionekana wazi kwamba watu wanaokula karoti na mboga nyingi hawapati sana saratani ya mapafu. Wataalamu wakasema ni kwa sababu ya beta-karotini, ambayo nayo hupambana na vikorofi vya oksijeni. Ilikuwa hoja nzuri, safi, yenye mantiki kuliko lebo ya jirani yangu mara mia. Nchini Finland wavuta sigara wanaume 29,133 wakapigiwa kura, wengine wakapewa kidonge cha karotini, wengine kidonge kisicho na karotini, kwa miaka 5 hadi 8. Majibu yalitoka mwaka 1994. Waliomeza karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao, kwa asilimia 18. Huko Marekani, jaribio lingine la watu zaidi ya 18,000 lilisimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake, kwa kuwa lilikuwa likionyesha jambo lile lile.

Sasa tafakari, msomaji. Wavuta sigara hupata saratani ya mapafu hata bila kidonge. Kama kusingekuwa na wale wa kidonge kisicho na karotini, nani angejua? Kila mgonjwa angezikwa, na waombolezaji wangesema, masikini, sigara imemmaliza, na kidonge kilimsaidia akafika hata hapo. Pengine mjane angeendelea kukigawa kwa wanawe. Madhara yangejificha ndani ya msiba wa kawaida kama nyoka ndani ya kuni. Waliomeza kidonge kile hawakudanganywa na mtu yeyote. Hakuna aliyekusudia baya. Wema mtupu, pamoja na hoja nzuri, uliwafikisha kaburini, na kilichowasemea ni hesabu ya kulinganisha.

Kwetu nako tuna Loliondo yetu. Mwaka 2011 nchi nzima, na nchi za jirani, zilielekea kijiji cha Samunge, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021. Alikuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga, kwa shilingi 500, na kusema aliagizwa na Mungu. Sitamcheka mzee yule, wala sitawacheka waliokwenda. Shilingi 500 si bei ya tapeli. Watu waliochoka na maradhi waliona mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuwafokea wala kuwadai, wakaenda. Mfa maji hushika hata unyasi, na waliomwacha azame hawana haki ya kumlaumu kwa alichokishika. Serikali ilituma wataalamu, nao wakasema dawa ile haina sumu. Taifa likapumua.

Lakini swali la “je, inaua?” likaachwa lisimame mahali pa swali la “je, inaponya?”, na watu wakayasikia kama swali moja. Maji ya kisima changu nayo hayana sumu. Wako walioacha dawa zao za hospitali baada ya kikombe, hata serikali ikalazimika kuwasihi waendelee nazo. Wengine walifia njiani na kwenye foleni. Hao wa foleni tunawajua kwa sababu walifia barabarani, mbele ya waandishi wa habari. Waliorudi nyumbani, wakaviweka vidonge vyao juu ya kabati, wakafa polepole mwaka uliofuata kila mmoja kwenye kijiji chake, idadi yao naamini haitaandikwa kamwe.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki. Nani anayepima, na kwa faida ya nani? Mimea yetu imebebwa na wageni miaka mingi, ikarudi ndani ya vikopo kwa bei tusiyoiweza, na mganga aliyeuonyesha mti hakupata hata asante. Ndiyo maana wengi wao hufunga midomo. Tena wapo wapimaji waliopima kwa mikono ya kusugua, kama nilivyoeleza juu ya mshipa wa sungura: wakachukua jani badala ya mzizi, wakachemsha dakika 5 dawa inayochemshwa usiku kucha, kisha wakaandika kwamba haina kitu. Taifa letu lililiona jambo hili mapema. Kitengo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Bunge likatunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002. Njia ipo basi. Kasi ndiyo inayotuumiza.

Lakini liko jambo lingine juu ya wazee wetu ambalo sijasikia likisemwa sana. Wazee walipima! Hawakuwa wajinga wa kumeza kila jani. Mtoto akiharisha, akapewa dawa, jioni ilijulikana kama ameacha kuharisha. Mtu akiumwa na nyoka, majibu yalikuja kabla ya jogoo kuwika. Kidonda hukauka au hakikauki. Katika maradhi yanayoonekana, vizazi kumi vya macho ni maabara kubwa, na mimi huiheshimu. Presha, hata hivyo, haionekani. Haiumi, haiwashi, haina homa. Mpira wa kuipimia mkononi ulibuniwa na Mwitalia Riva-Rocci mwaka 1896, na Mrusi Korotkoff akaonyesha mwaka 1905 jinsi ya kuisikiliza kwa kifaa cha masikioni. Bila vipimo vya namna hiyo hapakuwa na mtu yeyote duniani, awe wa Ugogo au wa Ulaya, ambaye angeweza kujua kwamba jani fulani limeshusha presha. Kwa hiyo mtu anaposema “wazee wetu walitibu presha kwa choya tangu enzi”, anawatwika wazee neno ambalo hawakulisema. Walituachia choya kama kinywaji, wengine kama mboga. Dai la presha ni letu sisi, la juzi juzi, na sisi ndio wenye wajibu wa kulipima. Tukilipima hatumvunjii mzee yeyote heshima. Tukikataa kulipima huku tukilitumia jina lake, hapo sina hakika.

Wakati nikiwa bado na ile karatasi ya lebo, alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu, mjane, ambaye watoto wake wawili niliwafundisha. Alikuwa na mfuko wa choya ya jirani yangu mkononi, na kadi ya kliniki. Vidonge vyake vya presha vilikuwa vinamkosesha raha: vimoja vinamkojoza usiku, vingine vinamvimbisha miguu. Choya haimsumbui.

“Mwalimu,” akasema, “wewe ni msomi, na huuzi kitu. Niambie kweli. Niache vidonge, au nisiache?”

Wanafalsafa huandika vitabu vizima juu ya ukweli na wasifikie mahali pagumu kama pale kibarazani. Ningemwambia “choya haifanyi kazi”, ningesema uongo. Ningemwambia “inafanya kazi”, angesikia neno “acha”. Kadi yake ilionyesha 170 kwa 100 kabla hajaanza vidonge. Kushuka kwa 7, hata kama kungempata yeye na si mtu wa Boston, kusingemvusha. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa namba zake, kwenye kadi yake. Nikamwambia asiache hata kimoja, arudi kwa daktari aseme juu ya miguu na mikojo, kwa maana ziko dawa za aina nyingine na haki yake ni kuuliza. Na choya anywe kama anaipenda, ila amjulishe daktari, na asiinywe pamoja na vidonge. Hili la mwisho si hofu yangu tu. Nchini Sudan, ambako choya huitwa karkade na hunywewa kama sisi tunavyokunywa chai, utafiti wa mwaka 1994 ulionyesha kwamba ikinywewa pamoja na klorokwini hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia damuni. Wakati huo klorokwini ndiyo iliyokuwa kinga yetu dhidi ya malaria. Hebu fikiria ni wangapi walioisindikiza kwa bilauri ya kitu chekundu ili kuondoa ule uchungu wake.

Jirani yangu naye nilimrudishia karatasi. Nilimpendekezea aandike “Choya safi ya Manyoni” na namna ya kuichemsha, basi. Alinitazama kwa muda. Alisema mwenzake wa meza ya pili ameandika kwamba yake inatibu magonjwa 40, na abiria ana dakika 3 tu za kuchagua. Sikuwa na jibu la kumtosha. Ni rahisi kwa mwenye pensheni kumfundisha uaminifu mwenye meza stendi, na wahenga waliosema kizuri chajiuza hawakuwahi kuuza kitu dirishani mwa basi. Alichoandika mwishowe ni “Husaidia mishipa ya damu”. Neno “husaidia” limebeba mzigo mkubwa hapo, lakini si uongo wa “husafisha”, nami nikanyamaza.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza jinsi ambavyo choya yetu ingepimwa hapa, na watu wetu, pamoja na vidonge vyao wanavyovitumia. Ugumu wa kwanza ni kikombe kitupu. Huko Boston ni rahisi kumpa mtu maji ya rangi akadhani ni choya. Utampaje mwanamke wa Manyoni aliyeanika choya juu ya paa tangu akiwa msichana? Ulimi wake ni maabara. Ukitaka ukali uchukue ukwaju, lakini ukwaju nao una mambo yake mwilini, si kitu kitupu. Labda choya itiwe kwenye vidonge vya ganda, isionjwe. Ugumu wa pili ni wa kimaadili. Je, ni halali kumpa jirani kikombe kitupu? Nimeona kwamba ni halali iwapo tu ameambiwa mapema, mbele ya watu, kwamba kimojawapo ni kitupu, kwamba kura ndiyo itakayoamua, kwamba hata anayemhudumia hajui kipi ni kipi, na kwamba hakuna atakayenyang'anywa kidonge chake cha hospitali. Hapo hakuna aliyedanganywa. Amekubali kusimama mahali pa wale ambao ushuhuda wao haukuwahi kuulizwa.

Nilimweleza yule mama habari hii siku nyingine, tukiwa tunasubiri zamu kliniki. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama wa kikombe kitupu watapewa cha kweli baadaye, iwapo cha kweli kitashinda. Nikasema wanapaswa kupewa, na iandikwe kabla ya kuanza. Akauliza nani atakuja kuwasomea majibu, maana watu wamewahi kuja hapa na daftari, wakaandika, wakaondoka na gari lao, na mpaka leo hakuna aliyerudi. Hilo sikuwa nimeliwaza. Akaitwa jina, akaingia kupimwa. Ilikuwa 142 kwa 88, na daktari alikuwa amekwisha kumbadilishia kile kidonge cha miguu.